Kompyuta ya michezo inayoanza vizuri kisha ikazorota: pima joto kwanza

Ndugu yangu, umeeleza kwamba kompyuta mpakato yako, yenye miaka miwili na ushee, huanza mchezo vizuri kabisa, lakini baada ya robo saa picha zinakwamakwama, feni zinavuma kwa nguvu, na ukiipumzisha kidogo inarudia hali yake. Umeuliza kama uongeze RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) au usakinishe Windows upya. Nakuomba usubiri kwanza, kwa sababu mimi nilifanya yote mawili na tatizo likabaki palepale.

Kompyuta ambayo RAM yake haitoshi au programu zake zimeharibika kwa kawaida huonyesha uzito tangu mwanzo. Kinachojilimbikiza polepole kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha kikapungua kwa mapumziko, mara nyingi ni joto. Prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu zote) nyingi za kompyuta mpakato zimewekewa kikomo cha kati ya nyuzi 95 na 105 za Selsiasi, na zikikifikia hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Hilo hufanyika kimyakimya, bila onyo lolote kwenye skrini, ndiyo maana wengi wetu huishia kuulaumu mchezo.

Kabla ya kushika bisibisi, pata ushahidi. Programu ya HWiNFO ni ya bure na inaweza kuandika vipimo kwenye faili wakati unacheza. Iache iandike kwa nusu saa, kisha ulinganishe joto la prosesa na kasi yake. Kwangu joto lilifika nyuzi 97 ndani ya dakika chache, na papo hapo kasi ikaporomoka kutoka gigahezi 4 hadi 2 na kidogo, huku fremu, yaani picha ambazo mchezo huonyesha, zikishuka kutoka 70 kwa sekunde hadi chini ya 30. Ukiona kasi inashuka ilhali joto ni nyuzi 70 tu, usifungue mashine bure: kagua chaja na mipangilio ya umeme.

Kosa langu lililofuata lilikuwa kupuliza hewa kupitia matundu ya nje. Vumbi kidogo lilitoka, nikaridhika, na baada ya wiki mbili hali ikawa ileile. Nilipofungua kifuniko cha chini ndipo nilipoelewa. Feni huvuta hewa na kuisukuma kwenye mapezi membamba ya chuma yaliyopangwa karibu karibu, na vumbi pamoja na nywele hunasa upande wa ndani, pale feni inapokutana na mapezi, mahali ambapo jicho halifiki ukichungulia kutoka nje. Kwangu lilikuwa limeshikamana kama kipande cha blanketi la kijivu, nikalivuta kwa kibano likatoka zima, upande mmoja ukiwa na mistari ya mapezi kama udongo uliopitiwa na chanuo. Hewa ya kutoka nje hulisukuma tu zulia hilo kuelekea kwenye feni, na feni ikiwaka hulirudisha mahali pake.

Unapofungua, zima kompyuta kabisa, chomoa chaja, na ukishaondoa kifuniko tenganisha waya wa betri kabla ya kugusa kitu kingine. Skrubu hutofautiana urefu, kwa hiyo zipange juu ya karatasi uliyochora umbo la kifuniko. Zuia feni kwa kidole unapopuliza, kwani ikizungushwa kwa kasi na hewa inaweza kuharibika. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi karibu na ubao mama (bodi kuu inayobeba chipu zote), kwa sababu inaweza kuleta umeme tuli. Brashi laini inatosha.

Kwa umri wa mashine yako, ningebadilisha pia ile pasti ya kupitishia joto iliyo kati ya chipu ya prosesa na bamba la shaba linaloiondolea joto. Yangu ilikuwa imekauka na kusukumwa pembeni, katikati ya chipu pakabaki karibu patupu. Legeza skrubu za bamba kidogo kidogo, ukifuata namba zilizoandikwa kando yake kama zipo, kisha safisha kwa alkoholi ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ushauri wa kuweka tone moja dogo la pasti mpya katikati unafaa zaidi prosesa zenye kifuniko cha chuma. Chipu za kompyuta mpakato huwa wazi, kwa hiyo sambaza tabaka jembamba hadi kwenye kona zote. Pedi laini zilizo juu ya chipu za kumbukumbu zirudishe zilipokuwa, na iliyochanika ibadilishwe kwa nyingine yenye unene uleule, kwani tofauti ya nusu milimita inaweza kulizuia bamba lisikae sawasawa juu ya chipu. Ukikuta kimiminika kinachong'aa kama zebaki badala ya pasti, simama hapo hapo na umpelekee fundi mzoefu: hicho ni metali, kinapitisha umeme, na tone moja likianguka pabaya linaua ubao.

Mimi nilipomaliza, joto lilikaa kwenye nyuzi 84 na fremu zikabaki karibu na 70 kwa saa nzima. Kama dhamana yako bado ipo, soma masharti yake kabla ya kufungua, na kwa sasa inua sehemu ya nyuma ya kompyuta kwa sentimita mbili hivi, usiiweke juu ya godoro, na ushushe kiwango cha juu cha prosesa katika mipangilio ya umeme ya Windows hadi asilimia 99, jambo ambalo kwa kawaida huizuia kujiongezea kasi na hivyo hupunguza joto. Lifute faili la vipimo usilolihitaji, lakini lile la siku uliyosafisha lihifadhi, urudie kipimo hicho kwa mchezo uleule kila baada ya miezi michache. Mimi huchukua bisibisi tena pale joto linapopanda kwa nyuzi 8 hivi.