Ndago ama nyasi?

Swali: Sasa mhariri, kwa mpunga wangu hapa Ahero kuna kitu kinafanana na nyasi, nang'oa leo kesho kimerudi. Ni nini hii?

Jibu: Shika shina chini ya ua ulizungushe na vidole, ukisikia pembe tatu hiyo ni ndago, nyasi shina lake huwa duara na lina vifundo. Sasa fukua polepole, hapa ndio kuna kazi: viazi vikifuatana kwa mzizi kama shanga na ua ni kahawia-zambarau, hiyo ni ndago aina ya Cyperus rotundus, viazi vyake ni vichungu sana. Kiazi kikiwa kimoja mwisho wa mzizi na ua ni manjano ni Cyperus esculentus, hata wakulima wa Marekani inawasumbua. Tafadhali usivute majani tu, viazi vinabaki chini na ndivyo vinachipuka.