Wakala wako hajadanganya vyote, na hapo ndipo shida ilipo

Mdogo wangu,

Nimesikiliza sauti yako nikiwa kwenye basi, nikairudia jikoni nikidhani sikusikia vizuri. Kwamba kuna wakala anazunguka kwenye shule zenu akiwaambia walimu wa Jiografia kuwa Marekani ina upungufu wa walimu wa Sayansi ya Dunia, mtihani wa leseni ni wa kuchagua jibu tu, aliyewahi kufundisha kidato cha sita anaufaulu akiwa amelala, na ukishafaulu mkataba unakusubiri mezani. Kisha ukanimalizia: "Dada, si ndiyo njia uliyopita wewe?"

Sikupita huko. Mimi nilikuja kwa bahati nasibu ya green card, huo mtihani nimeukuta hapahapa. Na naomba umfikishie shangazi, kwa kuwa nasikia ananitangaza mpaka kwenye vikao vya harusi: mimi si mwalimu wa sekondari Marekani. Ni msaidizi wa darasa. Nakaa nyuma na wanafunzi wanaohitaji uangalizi, nawasukumia viti vya magurudumu, nawafuta midomo baada ya chakula, nakusanya vifaa kipindi kikiisha. Mtihani nimeshafaulu. Leseni sina.

Sasa tulia nikueleze, maana kila mtu anaulizia mtihani na hakuna anayeulizia karatasi.

Huku hakuna leseni ya ualimu ya nchi nzima. Kila jimbo lina yake na masharti yake. Ukiwa na shahada ya nje, kwanza inapelekwa kwa watathmini wa vyeti, wanaichambua transkripti yako, ile orodha ya masomo na alama zako za chuo, kozi kwa kozi na kuipa kila moja thamani ya huku. Mimi na wewe tumesoma kitu kimoja: Ualimu, Jiografia na Kiswahili. Majibu yangu yaliporudi, karibu Jiografia yote ilikuwa imepangwa chini ya sayansi ya jamii, bega kwa bega na historia na siasa. Jiomofolojia, somo la maumbo ya nchi, ndiyo iliyoponea. Kwao Sayansi ya Dunia ni ndugu wa Fizikia na Kemia: jiolojia, hali ya hewa, bahari na astronomia, na wanataka kuona kozi zenye maabara. Ofisi ya leseni ikaniandikia, kwa adabu kabisa, kwamba nina upungufu wa kozi. Fomu yao haikuwa na kisanduku cha kuandika wale wanafunzi wote waliotoka mikononi mwangu na A ya Jiografia.

Kwa hiyo mchana nafuta midomo, jioni niko chuo, nimekaa na vijana wa miaka kumi na tisa, nasoma jiolojia ya mwaka wa kwanza. Kwa ada yangu mwenyewe. Ndiyo sababu mwezi ule wa bati la nyumba nilisema sina, mkasema nimebadilika.

Nirudi kwenye mtihani. Majimbo mengi yanatumia mtihani uitwao Praxis, unaotungwa na ETS, shirika la mitihani la huku. New York, Texas na California wana mitihani yao, kwa hiyo usinunue kitabu kabla hujajua unakwenda jimbo gani. Alama za Praxis zinaanzia 100 hadi 200, na kila jimbo linajiwekea alama yake ya kufaulu. Unaweza kufeli hapa na alama hizohizo zikakufaulisha kwa jirani. Jibu la kubahatisha halikukatii alama, kwa hiyo usiache swali wazi hata moja. Na kweli ni wa kuchagua. Hapo wakala wako yuko sahihi.

Ila sisi tumelelewa na "Jadili kwa hoja sita." Nipe "athari za matetemeko ya ardhi" nikujazie kurasa nne na hitimisho juu. Hawa hawataki kurasa. Wanakuwekea michoro ya saizimografu, mashine ya kupimia mitetemo ya ardhi, kutoka vituo vitatu. Mawimbi ya P yanafika kwanza, ya S yanafuata, na kadiri pengo kati yao linavyokuwa kubwa ndivyo tetemeko lilivyo mbali. Kila kituo unakichorea duara lenye umbali wake, na pale maduara matatu yanapokutana ndipo kitovu kilipo. Dakika moja na kidogo, swali linalofuata. Kiduara cha stesheni ya hali ya hewa, kimezungukwa na namba: kushoto juu 68, kushoto chini 61, kulia juu 132. Ya kwanza ni joto, kwa Farenhaiti. Ya pili ni kiwango cha umande. Ya tatu ni kanieneo ya hewa iliyokatwa 10 au 9 ya mwanzo pamoja na nukta: 132 maana yake ni milibari 1013.2, na ingekuwa 987 ungesoma 998.7. Hujui hilo, kidato chako cha sita hakikusaidii kitu.

Halafu kuna anga. Hapa ndipo walimu wa kwetu tunapoumia zaidi, kwa sababu mtihani umetungwa na watu wa kaskazini na wala hawajui kwamba wamekaa kaskazini. Swali linakuambia Polaris, nyota ya kaskazini, iko nyuzi 42 juu ya upeo wa macho, je, uko latitudo gani? Jibu ni 42 Kaskazini. Urefu wa nyota hiyo ndiyo latitudo yako. Rahisi sana, kwa mtu aliyeiona tangu utotoni. Wewe uliyekulia kusini mwa Ikweta hujawahi kuiona hata usiku mmoja. Wewe unajua jua linalopita utosini mara mbili kwa mwaka. Huku bara halifiki utosini hata siku moja, Hawaii peke yake ndiyo inayolipata. Kivuli cha saa sita mchana kinaelekea kaskazini mwaka mzima. Nilikuwa naijua nadharia yote, mhimili umeinama nyuzi 23.5, nimeifundisha kwa chungwa na kijiti mpaka basi, lakini kwenye maswali ya majaribio mkono ulikuwa unakwenda kwenye anga la kwetu.

Uelewe vizuri, simdharau mtu kwa mtihani huu. Ni mtihani mzuri. Laiti tungefundisha hivyo sisi. (Hapana, siwezi kusema hivyo, tulikuwa na darasa la watu themanini na jiwe moja.)

Huku kila kundi la wanafunzi wanne lina trei yake: mawe yenye namba zilizopakwa rangi nyeupe, kipande cha kioo, kigae kisichong'arishwa, chupa ndogo ya asidi iliyozimuliwa. Kazi ya kuziosha na kuzipanga ni yangu. Basi nilikuwa nabaki nyuma. Kwatzi inakwaruza kioo, kalisaiti haikwaruzi, lakini idondoshee asidi inatoa povu. Pairaiti inang'aa kama dhahabu. Ikwaruze kwenye kigae, inaacha unga wa kijani cheusi, wakati dhahabu huacha wa njano. Nimeyajua madini kwa vidole kuliko nilivyoyajua chuo kikuu miaka yote ile. Kazi inayonidhalilisha ndiyo iliyonifaulisha, sasa wewe utajua mwenyewe uipokeeje hiyo.

Ila kuna siku. Mwalimu wa darasa, kijana mwema tu, alionyesha picha ya Ol Doinyo Lengai. Akasoma kwenye slaidi kwamba ndiyo volkano pekee inayojulikana kutoa lava ya kabonati siku hizi, nyeusi, karibu nusu ya joto la lava ya Hawaii, na kwamba inageuka nyeupe baada ya siku chache. Yote kweli. Jina alilitamka vibaya, darasa likacheka, akacheka nao. Mimi niliwahi kupeleka kidato cha tano mpaka chini ya mlima ule. Nilikuwa mita tatu kutoka kwenye picha, nimeshikilia kiti cha mtoto. Msaidizi haongei kipindi kikiendelea. Wewe ukisikia mtu anasema anaonea wivu maisha yangu, mkumbushe na hili.

Usije.

Haya, najua utakuja. Basi sikiliza. Kama ni njia halali ya mwalimu, ipo viza ya J-1 ya kubadilishana walimu. Wanataka shahada na uzoefu wa angalau miaka miwili. Unakaa mpaka miaka mitatu, inaweza kuongezwa hadi mitano, kisha unarudi nyumbani. Wakala akikuambia ni ya kuhamia moja kwa moja, huyo mkimbie. Kabla hujatoa senti, muulize swali moja: ni jimbo gani, na jimbo hilo linahesabuje Jiografia yangu? Akianza kuzungushia maneno, umeshapata jibu.

Na usiache kazi yako kwa ajili ya mtihani. Mimi niliacha kidato cha nne mwezi wa tano, bila mwalimu wa Jiografia, na nikisikia matokeo yao yalivyokuwa nabadilisha mada. Wewe soma ukiwa kazini. Anza na unayoyaogopa: nyota, mikondo ya bahari, hesabu za umri wa miamba. Kaboni-14, ya kupimia umri wa mabaki ya viumbe, inapungua nusu kila miaka 5,730, kwa hiyo ikibaki robo ni miaka 11,460. Zaidi ya miaka elfu hamsini hivi haisaidii tena. Kwa miamba ya zamani tumia potasiamu-argoni, yaani unapima potasiamu iliyogeuka kuwa gesi ya argoni ndani ya mwamba. Mfano mzuri tunao wenyewe: lile fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, majivu ya volkano yaliyolizunguka ndiyo yaliyopimwa kwa njia hiyo mwaka 1961, ikatoka miaka milioni 1.75. Ukishalielewa hilo umemaliza mada nzima.

Volkano na mabonde ya ufa usipoteze muda, unayajua. Mambo ya barafuto ndiyo ukeshe nayo, sehemu kubwa ya kaskazini ya nchi hii imechongwa na barafu na wanapenda kuuliza.

Kuhusu hela uliyoniomba ya "usajili": wakala simlipi, hata ukinuna. Ada ya mtihani nitalipa mimi, wakati ukifika. Kwanza nenda chuoni, uombe transkripti na muhtasari wa kila kozi uliyosoma, hasa zile zilizokuwa na maabara au kazi ya uwandani, zigongwe mhuri. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, unitumie wiki hii kabla hujazungumza na mtu mwingine yeyote.