Mleta uzi wa elki Colorado: nyama utaitoaje huko bondeni?

Mkuu, kwenye hilo bonde usishuke.

Umeuliza mengi kuhusu kuwinda elki, yule kulungu mkubwa wa Amerika: upinde wa kuvuta kwa paundi ngapi, leseni kwa mtu wa Texas, bajeti, namna ya kuiga mlio wa dume, na kama unaweza kwenda peke yako. Lakini katikati ya bandiko lako umeandika hivi: "Nitaingia kilomita nane kutoka barabarani, chini kabisa ambako watu hawafiki, na nikiangusha jioni nitamwacha hadi asubuhi maana usiku wa milimani ni friji." Hapo ndipo nilipoacha chakula nikaja kuandika.

Maneno ya friji nayafahamu, maana niliuziwa. Nilimlipa mtu mtandaoni anipangie safari: ramani, mahali pa kupiga kambi, orodha ya vifaa na maelekezo ya nini cha kufanya mnyama akianguka. Alinichagulia bonde lenye kina, mbali na kila njia, kwa hoja kwamba elki hukimbilia wasikokwenda watu. Hilo ni kweli kabisa. Kuhusu nyama aliandika mistari miwili tu: toa matumbo, tanua tumbo kwa kijiti libaki wazi, nenda kalale, asubuhi rudi na mwenzako, mtabeba kwa mkupuo mmoja.

Mkupuo mmoja! Dume la elki lililokomaa huwa na uzito wa kilo 300 na ushee. Ukishatoa ngozi, matumbo, kichwa na mifupa yote, unabaki na nyama ya kilo 90 hadi 110. Paja moja likiwa na mfupa ni kama kilo 30. Elki hana mpini wa kumshikia, mkuu.

Chukua kalamu tupige hesabu ya bonde lako. Mtu mmoja mwenye nguvu atagawa nyama hiyo mizigo minne. Kilomita nane mara nne ukiwa umebeba, ni 32. Kurudi mtupu mara tatu kufuata iliyobaki, 24. Jumla kilomita 56, na zile za mzigo zote unapanda, kwenye mwinuko wa mita 3,000 ambako kila pumzi inakupa oksijeni pungufu kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na pwani. Hiyo si kazi ya siku moja, wala ya siku mbili. Na Septemba, ambao ndio mwezi wa upinde, mchana jua la Colorado linawaka vizuri tu.

Sasa turudi kwenye friji. Dume langu nililipiga jioni, mshale ukapita mapafu yote mawili, halikufika mbali. Giza likaingia. Nikafuata maelekezo neno kwa neno. Usiku ule kulikuwa na baridi kiasi kwamba alfajiri majani yalikuwa meupe kwa jalidi, nikajua tumesalimika. Mikono ya mbele ilikuwa safi, nyama ya mgongo safi. Tulipochana paja hadi kwenye nyonga, kulitoka joto, halafu harufu. Nyama iliyozunguka mfupa ilikuwa imegeuka rangi, kijivu kinachoelekea kijani. Paja la pili vilevile. Mapaja ndiyo sehemu kubwa kuliko zote za nyama ya elki, na yote mawili yaliharibika usiku mmoja wenye jalidi.

Sababu yake ni rahisi na yule bwana aliyechukua hela yangu alipaswa kuijua. Septemba elki ameshaanza kuvaa manyoya ya baridi, na ngozi yake ni nene. Ngozi hiyo ni hotipoti: baridi ya nje haiingii na joto la ndani halitoki. Paja lina nyama nene sana juu ya mfupa, kwa hiyo karibu na nyonga joto la mwili hukaa saa nyingi, na nyama inaanza kuchacha kutokea ndani wakati nje inaonekana nzuri. Kutoa matumbo peke yake hakusaidii paja hata kidogo.

Nilipomwandikia, alinijibu kwamba maelekezo yale ni ya "hali ya kawaida". Bado anauza. Nimeona watu wakimshukuru kwenye kurasa zake kabla hawajasafiri, na roho inaniuma kila nikiona. Mnyama yule aliishi miaka kadhaa kwenye theluji, akakwepa simba wa milimani na dubu, kisha nusu ya nyama yake ikaishia kichakani kwa sababu ya mistari miwili iliyoandikwa na mtu ambaye naamini hajawahi kubeba paja mgongoni.

Ninachokuomba ni hiki: kabla hujauvuta upinde, uwe na jibu la namna nyama yote itakavyofika kwenye gari kabla haijaharibika. Kama jibu huna, muache apite, hata akiwa mita 20 na pembe za ndoto zako.

Kwa vitendo ni hivi. Akianguka, hata usiku, washa taa ya kichwani na uanze kuchuna saa ileile. Huhitaji hata kupasua tumbo: mlaze ubavu, chuna upande wa juu, toa mkono, toa paja kwenye nyonga, toa nyama ya mgongo na shingo, mgeuze upande wa pili. Fileti za ndani unazifikia nyuma ya mbavu ya mwisho. Kila kipande kiingie kwenye mfuko wa kitambaa kinachopumua, kamwe si wa plastiki, kisha kitundikwe kivulini penye upepo, kisilowe. Paja likiwa bado na joto, lichane hadi mfupa upate hewa. Acha ushahidi wa jinsia (kiungo kinachoonyesha ni dume au jike) umeshikamana na nyama kama sheria ya Colorado inavyotaka, na kumbuka sheria hiyohiyo inakukataza kutelekeza nyama inayolika. Garini uwe na deli zenye barafu tayari.

Na penda asubuhi kuliko jioni. Mshale wa mapafu unasubiri nusu saa hivi, ndipo unafuata damu. Lakini ukimpiga tumboni inabidi umwache saa nyingi, ukimfuata mapema atainuka na hutamwona tena. Ikitokea jioni, umekwama: ukimfuata unampoteza, ukisubiri nyama inachacha.

Umetaja Waliangulu wa Tsavo walioangusha tembo kwa upinde. Ni kweli, na pinde zao zilikuwa nzito kuvuta kuliko huu utakaonunua, lakini mishale yao ilikuwa na sumu ya mti wa msunguti. Wako utaua kwa makali ya kigumba na damu inayomwagika, basi. Kama unataka mfano wa nyumbani, chukua Wahadzabe wa Ziwa Eyasi: akianguka mnyama mkubwa, mwindaji hurudi kambini kuita watu waje kubeba. Wale hawadanganyani kuhusu uzito wa nyama.

Kwa hiyo peke yako? Hapana, labda ukiwinda kilomita moja na nusu au mbili kutoka garini, na safari ya kurudi na mzigo iwe ya kushuka. Mkiwa watatu, bonde la kilomita tano linajadilika. Zaidi ya hapo tafuta mtu mwenye farasi au nyumbu na kibali cha kufanya kazi kwenye msitu huo, zungumza naye kabla ya msimu. Usingoje kumpigia ukiwa na nyama chini, maana huenda farasi wote wameshachukuliwa.

Leseni kwa haraka: tangu 2025 mtu wa nje ya Colorado hanunui tena leseni ya elki kwa upinde kaunta kwa maeneo ya magharibi ya I-25, barabara kuu inayokata Colorado kaskazini hadi kusini, lazima uingie bahati nasibu, na maombi hufungwa mwanzoni mwa Aprili. Cheti cha mafunzo ya uwindaji ni lazima kwa yeyote aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1949, na wewe umo.

Weka hapa picha ya ramani ya hilo bonde, chora mstari kutoka gari linapoishia hadi unapotaka kukaa, na uandike mwinuko wa juu na wa chini. Nikitoka kazini usiku nitaipitia tuone nyama itapita wapi.