Bastola mjini: marufuku huzuia nini?

Barua za mwezi huu nyingi zimekuja na jambo moja, bastola, na nyingine zimeandikwa na ndugu zetu wanaoishi Marekani. Nimechagua tano.

Washington ilipiga marufuku bastola kwa zaidi ya miaka 30. Mauaji yalipungua au hayakupungua? (Msomaji, Dodoma)

Yalipungua, halafu yakapanda kupita kiasi. Sheria ya Washington, mji mkuu wa Marekani, ilianza kazi mwaka 1976: mwenye bastola iliyokwisha kuandikishwa aliachiwa, ila mpya haikuandikishwa tena. Mwaka 1991 watafiti walichapisha katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine hesabu zilizofika hadi 1987. Mauaji ya bunduki yalishuka kwa takriban asilimia 25, na watu kujiua kwa bunduki asilimia 23. Maeneo jirani ya Maryland na Virginia, ambako sheria hiyo haikufika, hayakuona nafuu kama hiyo. Wapo wataalamu waliopinga, wakasema ukiilinganisha Washington na Baltimore, mji unaofanana nayo zaidi, tofauti hiyo inafifia.

Kisha ikaingia kokeini ya kuvuta, vijana wakaanza kupigania kona za kuuzia. Mwaka huohuo wa 1991 mji wa watu wapatao 600,000 ulizika zaidi ya watu 470 waliouawa, na marufuku ilikuwa palepale. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ikaifuta. Waliotabiri kwamba damu ingemwagika zaidi hawakuyaona hayo mara moja: mwaka 2012 waliuawa watu 88, wachache kuliko wakati wowote kwa miongo kadhaa. Mwaka 2023 wakafika 274. Anayekuletea tarakimu za Washington kwa uhakika mwingi, muulize ameanza kuhesabu mwaka gani na ameishia wapi.

Na Chicago je? Sheria ilikuwa kali, bunduki zilipitia wapi? (Msomaji, Eldoret)

Zilipitia barabarani, kwenye buti za magari. Kusini-mashariki Chicago inapakana na Hammond, mji wa jimbo la Indiana. Hakuna geti wala askari wa kukagua mizigo. Unavuka mpaka wa jimbo kama unavyovuka kutoka mtaa mmoja kwenda wa pili. Chicago ilifunga mlango wake mwaka 1982 kwa kupiga marufuku bastola mpya, jirani akauacha wake wazi. Ripoti ya jiji ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba takriban silaha sita katika kila kumi zilizokamatwa na kufuatiliwa asili yake ziliuzwa mara ya kwanza nje ya Illinois, jimbo la Chicago, Indiana peke yake ikitoa kama moja katika tano. Wakati huo marufuku ilikwisha kufutwa, lakini njia ilikuwa ileile ya zamani. Mtu asiye na doa la jinai anaingia dukani, anaonyesha kitambulisho, anajaza fomu, analipa. Jioni bastola iko mkononi mwa kijana ambaye duka lisingemuuzia.

Mimi naona marufuku huwanyang'anya watu wema tu. Jambazi haombi leseni. (Msomaji, Toronto)

Hoja hii siipuuzi, kwa sababu ya mzee Otis McDonald. Alizaliwa Louisiana katika familia ya wakulima wa kugawana mazao na mwenye shamba, akahamia Chicago kijana, akafanya kazi ya matengenezo katika chuo kikuu na kununua nyumba mtaa wa Morgan Park. Miaka ikapita, mtaa ukaharibika, nyumba yake ikavunjwa na wezi mara kadhaa. Bunduki ndefu za kuwindia aliruhusiwa kuwa nazo, na alikuwa nazo. Lakini bunduki ndefu kwenye ujia mwembamba, gizani, kwa mtu wa miaka sabini na kitu, ni mzigo. Alitaka bastola kando ya kitanda. Akalishtaki jiji, na tarehe 28 Juni 2010 Mahakama ya Juu ikampa haki kwa kura 5 kwa 4.

Kesi ya Washington, ile ya 2008, nayo ilikuwa na jambo la kitandani. Sheria ilitaka silaha ya nyumbani ifunguliwe vipandevipande au ifungwe kufuli kwenye kifyatuo. Wakili wa jiji akaiambia mahakama kwamba yeye kufuli hiyo aliifungua kwa sekunde tatu. Majaji wakamwuliza: usiku, uwashe taa kwanza, utafute na miwani ya kusomea? Watu wakacheka. Mimi sicheki. Dola ambayo askari wake huchelewa kufika haina uso wa kumwambia mzee akae mikono mitupu.

Basi ni kipi kinachosaidia? (Msomaji, Kampala)

Kumchuja mnunuzi, tena kwa jimbo zima. Connecticut ilianza kudai kibali cha kununua bastola mwaka 1995, na watafiti waliona mauaji ya bunduki yakipungua. Missouri ilifuta kibali chake mwaka 2007, yakaongezeka.

Niko Maryland, nafanya kazi ya ulinzi usiku. Mke wangu hubaki na watoto watatu, mkubwa ana miaka 15. Ninunue bastola?

Ndugu yangu, hofu yako ni ya haki. Lakini swali lako umelielekeza mlangoni, na mimi nakuomba utazame chumba cha huyo wa miaka 15. Mwaka 2021 Marekani ilipoteza watu 48,830 kwa bunduki, na zaidi ya 26,000 kati yao walijiua wenyewe. Aliyejaribu kwa vidonge mara nyingi huwahiwa hospitali. Aliyejaribu kwa bunduki, karibu tisa katika kila kumi hawarudi. Fikra hiyo kwa kijana huweza kuja na kupita ndani ya saa moja. Kilicho karibu naye saa hiyo ndicho kinachoamua.

Ningekuwa wewe nisingenunua hadi watoto wakue. Ningeanza na kitasa kizuri, taa ya nje, na jirani mwenye namba ya mama. Ukiamua kununua, Maryland itakudai leseni, alama za vidole na mafunzo, yafuate yote. Bastola iwe kwenye sefu, risasi mahali pengine, na namba ya sefu asiijue mtoto hata mmoja. Na mkubwa akianza kujifungia chumbani, kuacha kula au kugawa vitu vyake, ipeleke silaha nje ya nyumba siku hiyohiyo, kisha upige 988, namba ya Marekani ya kuwasaidia wenye fikra za kujiua. Simu hiyo hupokelewa hata usiku, wakati uko kazini.