Kabla hujamsubiri mbunge mwaloni, jua jambo lako linakaa wapi

Kwa muda mrefu nilimlaumu mbunge kwa jambo ambalo hakulipitisha yeye. Nauza dagaa. Nawanunua mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, wakishaanuliwa kwenye chanja, nawapakia kwenye magunia na kuwapeleka soko la Kirumba, Mwanza. Mwaka mmoja ushuru wa gunia ukapanda ghafla, na sisi kina mama tukaapa kwamba mheshimiwa akija atatusikia.

Alikuja. Mwenzetu mmoja alisimama na gunia tupu kichwani ili aonekane, tukapiga kelele mpaka tukakauka makoo. Mheshimiwa akasema, "Nimelichukua, nalipeleka Dodoma." Tukampigia vigelegele. Giza tatu zikapita, yaani miezi mitatu ya kuvua dagaa usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wakaingia ziwani na kutoka, ushuru ukabaki palepale.

Siku moja nikamwuliza karani wa ushuru, kwa adabu tu: "Mwanangu, hiki kiwango kimeandikwa wapi?" Akanielekeza ofisi ya kata. Pale ubaoni, chini ya matangazo ya chanjo, kulikuwa na karatasi iliyopauka kwa jua, pini zake zimeshika kutu. Ilikuwa inakaribisha maoni ya wananchi kuhusu sheria ndogo za ushuru za halmashauri. Muda wa maoni ulikuwa umekwisha zamani. Sisi tulikuwa tukipita hapo kila wiki.

Bunge la Dodoma halikuhusika na kile kiwango. Sheria ndogo hupitishwa na madiwani, kisha huidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Mbunge naye ni mjumbe wa baraza la madiwani, kwa hiyo angeweza kuisemea pale pale nyumbani, lakini sisi tulimwomba aisafirishe mbali.

Ndugu zangu, hapa ndipo tunapopotea wengi. Chukua uvuvi. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 ilitungwa na Bunge. Lakini ukubwa wa matundu ya nyavu haumo kwenye sheria yenyewe, umo kwenye kanuni, na kanuni hutungwa na waziri. Anaweza kuzibadilisha bila Bunge kupiga kura kwanza, ingawa Bunge lina kamati ya sheria ndogo inayozipitia baadaye. Kwa hiyo mvuvi anayetaka kanuni ya nyavu iangaliwe upya hana sababu ya kumwambia mbunge "badilisheni sheria". Amwambie: "Mwulize waziri." Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kumwuliza waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo chini yake, na mbunge anayeuliza swali la msingi ana nafasi ya kuongeza mengine mawili. Jibu la waziri linaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, kwa Kiswahili, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kulisoma kwenye tovuti ya Bunge. Waziri akiahidi, tarehe mnayo.

Kodi za nchi nzima ndizo hasa za Dodoma. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza unakwenda kwenye kamati, na kamati hukaribisha maoni ya wadau. Unaandika kwa Katibu wa Bunge. Muuza dagaa ni mdau kama wengine, msikubali kuambiwa wadau ni watu wa suti.

Halafu kuna wakati. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni, lakini kamati huanza kuzichambua bajeti za wizara kabla ya hapo. Daraja la Kigongo–Busisi tunalolivuka sasa, fedha zake zilikuwa zikisomwa mwaka hadi mwaka kwenye bajeti ya ujenzi. Barua ya kuomba barabara ya kwenda mwaloni ikifika Mei imechelewa. Mimi nasema ifike Januari.

Na iwe barua, isiwe kelele. "Tunaonewa" haimpi mbunge cha kushika. Andika ni jambo gani, mwalo gani, tangu lini, linawagharimu kiasi gani, na mnaomba nini. Wekeni majina na sahihi. Nakala moja kwa diwani, nyingine kwa mtendaji wa kata, na ile mnayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo msiusahau, maana ndio utakaowasemea mkiambiwa barua haikuonekana.

Misaada ya misiba na jezi tunayomwomba mbunge naipita haraka. Mfuko wa Jimbo upo kwa sheria ya mwaka 2009 na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, lakini ni fedha za kusukuma miradi ambayo wananchi wenyewe wameiibua. Iibueni kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, muhtasari uandikwe.

Sisi barua yetu tulimpelekea diwani. Tulipopata tarehe ya kikao cha baraza tukaenda sita, tukakaa kwenye benchi la nyuma na madaftari yetu, kwa sababu kikao kile ni cha wazi. Mbunge alikuwepo, na safari hii alikuwa na nakala mkononi. Ushuru haukurudi ulipokuwa. Ila zamani kiroba, ule mfuko mdogo, na gunia kubwa vilitozwa sawa, na anayeumia alikuwa mama mwenye mtaji mdogo. Sasa kiroba kina bei yake.