Gazeti mikononi mwa watoto wadogo: maswali yenu na majibu

Tangu nilipogusia habari ya kupeleka magazeti ya zamani darasani, maswali hayajakatika, mengi kutoka kwa walimu wa awali na wa darasa la kwanza. Haya machache nayajibu leo.

Wanafunzi wangu wana miaka mitano, hawajui kusoma. Gazeti watalifanyia nini?

Mwalimu mwenzangu, usiwasomeshe gazeti, waache walipekue. Mpe mtoto ukurasa mmoja na kalamu ya rangi, mwambie azungushie duara kila herufi inayoanza jina lake. Atazama humo kwa robo saa. Akizoea, hamia kwenye silabi: leo tunasaka "wa", kesho "ku". Kiswahili kinatubeba hapa, maana silabi hizo zimejaa karibu kila mstari, na hakuna mtoto atakayerudi mikono mitupu.

Kuna jambo moja usiliache likupite. Siku moja nilimpa msichana mdogo ukurasa atafute "a". Alikaa kimya muda mrefu, kidole kikitembea mstari kwa mstari, kisha akaniambia ukurasa ule hauna "a" hata moja. Nilichutama kando yake ndipo nikaelewa. "A" ndogo niliyomfundisha ubaoni ilikuwa kiduara chenye mkia. Ile ya gazetini ina kipaa juu yake. Kwake zilikuwa herufi mbili zisizojuana. Tulikata "a" za kila umbo, nene, nyembamba na za kulala, tukazibandika zote kwenye karatasi moja, na karatasi ile ilikaa ukutani hadi mwisho wa muhula. Kitabu cha kiada huandikwa kwa chapa moja au mbili tu mwanzo hadi mwisho. Ukurasa mmoja wa gazeti una chapa nyingi, na mtoto anayeitambua "a" katika zote ameijua kweli.

Habari za ajali na mauaji je? Naogopa kuwatisha.

Unaogopa kwa haki. Lipitie gazeti lote siku moja kabla, pande zote mbili za kila karatasi, kwa sababu nyuma ya picha ya mpira huweza kukaa picha ya ajali. Ukurasa usiofaa usiingie darasani kabisa. Mimi hata kurasa za tanzia naziacha nyumbani: zile ni sura za watu wenye ndugu, si za kukatwakatwa na mkasi. Huna haja ya gazeti la leo. La miezi mitatu iliyopita linafaa vilevile.

Na ikitokea mtoto ameona kitu kibaya, usimpokonye kwa kelele. Muulize ameona nini, mjibu alichouliza tu, kwa maneno machache ya kweli, na umweleze ni watu gani waliokuja kusaidia. Akipokonywa kimyakimya hubaki na picha ile kichwani peke yake.

Nina gazeti moja na watoto 45. Nifanyeje?

Gazeti la kurasa 32 ni karatasi kubwa 8 zilizokunjwa. Kata kila moja kwenye mkunjo, utapata vipande 16. Watoto watatu kwa kipande, na kimoja kinabaki chako cha kuonyeshea.

Ila kabla ya kukata, waonyeshe kitu. Kama karatasi zote zimepachikwa moja ndani ya nyingine, toa ile ya nje na uitandaze sakafuni. Upande mmoja una ukurasa wa 1 na wa 32. Ugeuze, unakuta wa 2 na wa 31. Ya katikati ina wa 16 na wa 17. Watoto wa miaka saba au minane waache wajumlishe wenyewe: kila upande wa kila karatasi unaleta 33. Usiwatangulie kusema. Atakayegundua wa kwanza atapiga kelele, na kelele hiyo ni halali. Wadogo zaidi wape kazi ya kupanga vipande kuanzia 1 hadi 32. Si rahisi kama inavyosikika, maana kila kipande kina namba mbele na nyuma.

Wino unawachafua vidole. Una madhara?

Wino wa magazeti mengi ni wa mafuta, hupenya kwenye karatasi bila kukauka kabisa, ndiyo maana unaachia. Wanawe mikono kwa sabuni kazi ikiisha, wasitie karatasi mdomoni, na chakula kisifungwe wala kuwekwa juu ya gazeti. Basi.

Naweza kufundishia sayansi?

Sana. Waambie wachane kipande kutoka juu kwenda chini, halafu kingine kutoka kushoto kwenda kulia. Upande mmoja karatasi huchanika karibu na mstari ulionyooka, upande mwingine hupindapinda wee! Karatasi imetengenezwa kwa nyuzi za mti, na mashine huzilaza nyingi upande mmoja. Watoto huchana vipande kumi na zaidi kabla ya kukubali.

Jingine: weka ukurasa dirishani penye jua, nusu yake ifunike kwa kitabu, na uuache siku kadhaa. Nusu iliyo wazi itageuka manjano, kwa sababu ndani ya karatasi hiyo kuna lignini, kitu kinachoupa mti ugumu wake, na mwanga na hewa huibadilisha rangi. Ukipata kioo cha kukuzia, kiweke juu ya picha ya rangi. Utaona vitone tu: vya samawati, waridi, njano na vyeusi.

Mkuu wangu wa shule anasema ni mchezo wa kupoteza muda. Nimjibu nini?

Mweleze kuhusu Célestin Freinet, mwalimu wa Ufaransa ambaye miaka ya 1920 aliingiza mashine ndogo ya kuchapia darasani. Wanafunzi wake walichapa habari za maisha yao wenyewe, na wakabadilishana na watoto wa shule nyingine kwa posta. Walijifunza kusoma kwa maandishi yao.

Wewe huhitaji mashine. Chukua karatasi kubwa, igawe safu tatu, ibandike ukutani. Kila asubuhi mtoto mmoja akupe habari, nawe iandike kama alivyoitamka. Vichwa vya habari wavitunge wenyewe kwa herufi walizokata gazetini. Darasani kwangu kilichosomwa zaidi kilikuwa "JINO LA MBELE LIMETOKA", chenye "J" nyekundu kubwa kuliko herufi nyingine zote. Mwenye jino alimleta mama yake mlangoni, akamsomea neno kwa neno. Mwalike mkuu wako siku kama hiyo.