Mchezaji Asiione Mwisho wa Dunia Yako

Mpwa wangu alikaa na laptopu yangu dakika tano hivi, akauacha mtaa wote niliojenga kwenye gemu yangu, akanyoosha hadi pwani, akaingia baharini akatembea weee mpaka maji yakaisha, akadondoka kwenye kijivu kitupu. Akanigeukia, "Mjomba, huku ndo mwisho?" Aisee iliniuma. Miezi yote nilikuwa naijenga Mikindani, mji wa kale wa pwani karibu na Mtwara, milango ya kuchonga, nyumba za mawe ya matumbawe, halafu kilichomkaa kichwani ni lile shimo.

Kwa hiyo wewe unayetengeneza gemu, usianze na ukuta usioonekana. Najua ndo rahisi, unaweka kolaida (umbo lisiloonekana linalomzuia mchezaji kupita) umemaliza, lakini mchezaji akishagonga hewa mara moja tu hatembei tena, anatafuta kuta. Uweke ndiyo, ila nyuma ya kitu ambacho macho yake yameshamwambia hakipitiki. Waliocheza gemu ya Vice City ya 2002 watakumbuka madaraja yalifungwa mwanzoni kwa sababu ya tahadhari ya kimbunga. Sababu ya mji ule ule, unaikubali unaendelea na mambo yako.

Mimi nilipanda daladala, toka Mtwara mjini ni kama kilomita 10 tu, nikasimama kwenye vichochoro vya Mikindani nikawa najiuliza macho yangu yanagota wapi. Yanagota karibu sana! Njia zimepinda, nyumba zimebanana, nyuma kilima kinapanda kupita Boma la Mjerumani, kando kuna mikoko. Mji wenyewe unajificha, mimi ndo nilikuwa nimenyoosha njia ili levo, yaani eneo la kuchezea, ionekane kubwa. Nikazipinda. Kilima nikakiinua kizidi usawa wa macho, mikoko nikaisonga, pande mbili zikaisha siku hiyohiyo.

Bahari ndo ilinitesa. Usitanue kipande cha maji mpaka kompyuta ilie, kifanye kiifuate kamera, ila mawimbi yapangwe kwa kufuata mahali kwenye dunia ya gemu na siyo mahali kwenye kipande, la sivyo bahari nzima itateleza na mchezaji kama mkeka unaoburutwa. Halafu ukungu. Mimi niliuweka wa kijivu na anga la bluu, ukatokea mstari pale mbali kama umekatwa kwa kisu, kumbe rangi ya ukungu inatakiwa iwe ileile ya anga pale chini linapokutana na maji. Na usiuzidishe. Silent Hill ya 1999 ilifunika mji kwa ukungu mzito kwa sababu PlayStation isingeweza kuchora mbali, na ikafaa maana ni gemu ya kutisha, lakini Mikindani saa saba mchana na ukungu ule nani atakuamini? Anayeogelea naye simwandikii "rudi", yale maandishi siyapendi kabisa. Maji yakimfika kifuani kasi inapungua, mkondo unamsukuma taratibu kurudi ufukweni.

Barabara ya lami nayo ilikuwa ngumu maana barabara inamwita mtu. Nikaikunja nyuma ya mwembe, nikaweka lori la korosho limekatika ekseli, magunia yameshushwa njiani, vijana wawili wako chini ya gari. Nyuma ya lori kuna mita 30 tu za lami. Mpwa alipofika pale alizunguka magunia, akawatazama wale vijana, akauliza, "Mjomba, likipona tunaenda nalo Lindi?"

Kabla hujasema umemaliza panda sehemu ya juu kuliko zote. Mimi juu ya Boma niliona kila kitu uchi, uwanda tupu nyuma ya kilima, basi nikapanga huko minazi ya picha bapa, kila mmoja pembetatu mbili tu za kuchorwa na kompyuta, haina kolaida wala kivuli, na ukiwa pale juu huwezi kuitofautisha na ile ya kweli ya huku mtaani.